Lucera: mji wa mlimani uliojazwa watu kwa amri na kumwagwa kwa amri

Mtu anayekwenda kwenye ngome ya Lucera akitokea katikati ya mji hukutana kwanza na handaki. Ni shimo pana lililochimbwa mbele ya ukuta wa mashariki, na nyuma yake umesimama ukuta wenyewe, ukiwa na mnara wa mviringo kila ncha. Wenyeji huita mmoja Simba na mwingine Simba Jike, na huyo Jike ana urefu wa takriban mita 25. Pande zilizobaki kilima kinaporomoka hadi kwenye uwanda wa Tavoliere, ambao ni shamba moja kubwa la ngano linalonyooka mpaka macho yachoke. Kwa hiyo handaki halimwelekei adui anayetoka uwandani. Linauelekea mji. Ngome nyingi hujengwa ili zilinde wenyeji dhidi ya wageni. Hii ilijengwa na wageni ili wajilinde dhidi ya wenyeji.

Sehemu ya sababu ni umbo la ardhi, kwa kuwa upande wa mashariki ndiko kilima kilikoungana na mji bila mteremko wa kutegemea. Lakini handaki hilo lilichimbwa baada ya mwaka 1269, na wakati huo watu waliokuwa wakiishi upande wa pili wake walikuwa karibu wote Waislamu waliosema Kiarabu, katika nchi ya Puglia, kusini mwa Italia, mwendo wa siku chache tu kutoka Roma kwa Papa. Walifikaje huko, walikaaje kwa miaka karibu themanini, na kwa nini mwezi wa Agosti 1300 waliuzwa utumwani karibu wote kwa mpigo mmoja, ni mambo ambayo husimuliwa kwa njia za mkato. Wapo wanaosema Waislamu walivamia Puglia wakajenga mji. Wapo wanaosema mfalme mmoja mwenye moyo mpana aliwapa hifadhi. Wapo wanaosema mfalme mwingine mwenye chuki ya dini akawamaliza. Masimulizi yote matatu yana chembe ya ukweli, na yote matatu yanapotosha.

Tuanze na hilo la uvamizi, maana ndilo jepesi zaidi kuliondoa. Ni kweli kwamba katika karne ya 9 Waislamu waliteka Bari, bandari kubwa ya Puglia, na kulikuwa na amiri pale kuanzia 847 hadi 871. Lakini Waislamu wa Lucera hawakuwa na uhusiano wowote na hao. Walikuja zaidi ya miaka 300 baadaye, kutoka Sisilia, na hawakuja kwa hiari yao. Wala hawakuujenga mji: waliukuta umekwisha kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500.

Watu wa kale walisimulia kwamba Lucera ilianzishwa na Diomedes, shujaa wa vita vya Troya. Hiyo ni hadithi, na miji mingi ya Puglia inamdai shujaa huyohuyo. Tunachokijua kwa uhakika zaidi kinatoka kwa mwanahistoria wa Kirumi Livius, naye anatuonyesha kitu ambacho msomaji wa habari za 1300 hawezi kukipita bila kusimama. Katika karne ya 4 KK Warumi walikuwa vitani na Wasamniti, watu wa milimani, na Lucera iliyumba kati ya pande hizo mbili. Mwaka 314 KK wenyeji walikisaliti kikosi cha Kirumi kilichokuwa mjini, na Warumi walipourudisha mji mikononi mwao waliwaua Walucera na Wasamniti kwa pamoja. Kisha baraza la seneti likajadili kama mji wenyewe usifutwe kabisa, kwa vile ulikuwa mbali na watu wake hawaaminiki. Mwishowe waliamua kutoufuta. Wakapeleka walowezi 2,500 wakae humo na kuushikilia. Yaani wazo kwamba Lucera inaweza kumwagwa watu wake na kujazwa wengine kwa kura ya watu walioketi mbali nayo ni la zamani kuliko Uislamu na Ukristo wote wawili.

Sababu ya mvutano huo iko kwenye ramani. Lucera inakaa juu ya vilima vitatu, kama mita 220 juu ya usawa wa bahari, pale ambapo uwanda unaishia na milima ya Apenini inaanza. Anayeishika anauona uwanda wote na njia zinazopanda kwenda Benevento na Napoli. Ndiyo maana umeitwa ufunguo wa Puglia. Tukilinganisha na milima tuliyoizoea sisi, mita 220 si kitu. Lakini penye tambarare kilima kidogo hutawala.

Kutoka enzi ya Warumi limebaki jengo moja la kutazamwa kwa makini, nalo ni uwanja wa michezo wa umbo la yai ulio pembezoni mwa mji, wenye urefu wa takriban mita 131 na upana wa mita 99, uliokuwa unaweza kuwapokea watazamaji kati ya 16,000 na 18,000. Ulikuwa umefukiwa na udongo hadi ulipogunduliwa mwaka 1932. Juu ya malango yake mawili kuna maandishi yanayosema kwamba Marcus Vecilius Campus aliujenga kwa mali yake, kwenye ardhi yake mwenyewe, kwa heshima ya Kaisari Augustus na ya koloni la Lucera. Ni tangazo la tajiri wa mjini anayetaka jina lake lionekane kila watu wanapoingia kutazama mapigano, na amefanikiwa, maana miaka 2,000 baadaye bado tunalisoma. Baada ya hapo mji ulififia. Kaisari Constans II wa Bizanti, yaani milki ya Kirumi ya mashariki, aliuteka na kuuharibu mwaka 663, na kwa karne kadhaa ulikuwa makao ya askofu yenye watu wachache. Ukimya huo tunaweza kuuruka, ila tukumbuke jambo moja: mwanzoni mwa karne ya 13 Lucera ilikuwa na nafasi nyingi na watu wachache.

Waislamu wa Sisilia

Huko Sisilia mambo yalikuwa kinyume. Majeshi ya Waaghlabi kutoka Tunisia yalitua kisiwani mwaka 827, yakaichukua Palermo mwaka 831, na katika miaka mia mbili iliyofuata sehemu kubwa ya watu wa kisiwa, hasa upande wa magharibi, wakawa Waislamu. Wanormani, wapiganaji Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipokiteka kisiwa kati ya 1061 na 1091 hawakuwafukuza. Waliwatoza kodi, wakawatumia kama makarani, askari na wakulima. Mpango huo ulisimama kwa kutegemea mfalme mmoja mmoja. Mfalme Guglielmo II alipofariki mwaka 1189 bila mrithi wa moja kwa moja, Wakristo wa Palermo waliwashambulia majirani zao Waislamu, nao waliookoka wakakimbilia milima ya magharibi wakajitawala huko kwa miongo mitatu, wakiwa na ngome zao kama Iato na Entella.

Aliyekuja kuwakabili ni Federico II, mfalme wa Sisilia na kusini mwa Italia, mjukuu wa mfalme wa Kinormani kwa upande wa mama na wa kaisari wa Ujerumani kwa upande wa baba, aliyevishwa taji la ukaisari Roma mwaka 1220. Huyu ndiye anayesifiwa hadi leo kwa kupenda elimu ya Waarabu, kwa kuandikiana na wanazuoni wao, na kwa kuipata Yerusalemu mwaka 1229 kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri bila vita. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kwa Waislamu wa milima ya Sisilia alikuwa mfalme aliyewazingira kwenye ngome zao, akamwua kiongozi wao Muhammad ibn Abbad, na kuanzia miaka ya 1220 akaanza kuwahamisha kwa nguvu, vikundi kwa vikundi, wakivushwa bahari na kutembezwa mamia ya kilomita hadi Puglia. Uhamisho wa mwisho ulifanyika baada ya maasi mengine yaliyozimwa mwaka 1246. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Lucera ilifikia kuwa na Waislamu kati ya 15,000 na 20,000, idadi ambayo kwa zama zile ilikuwa ya mji mkubwa.

Kwa hiyo neno hifadhi halifai. Lililofanyika lilikuwa kuwang'oa waasi kutoka kwenye milima waliyoijua na kuwapanda katikati ya uwanda wa Kikristo, ambako hawakuwa na bandari ya kukimbilia wala ndugu wa kuwasaidia. Hapo ndipo penye werevu wa Federico, kama werevu ni neno lake: watu ambao hawana rafiki mwingine yeyote isipokuwa mfalme hawawezi kumgeuka mfalme. Papa alipomtenga Federico na Kanisa, kama alivyotengwa mwaka 1227 na tena 1239, askari Wakristo waliweza kuingiwa na hofu ya roho zao. Wapiga mishale wa Lucera hawakuwa na hofu hiyo. Mwaka 1237 walipigana upande wake huko Cortenuova, kaskazini ya mbali, dhidi ya majeshi ya Milano.

Maisha ya Lujara

Wakristo wa Ulaya waliwaita Waislamu wote Wasaraseni, na mji ukaitwa kwa Kilatini Luceria Saracenorum, Lucera ya Wasaraseni. Waandishi wa Kiarabu waliuita Lujara. Ndani yake watu waliongozwa na kadhi na viongozi wao, waliswali misikitini, walisoma Kurani, na walimlipa mfalme kodi ya ardhi pamoja na jizya, neno ambalo makarani wa serikali waliliandika kwa Kilatini chao kama gesia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ya kadhi wala jizya, na hilo linatukumbusha jinsi maneno yalivyosafiri: sukari yetu na zucchero ya Waitalia zote zilitoka mlango mmoja wa Kiarabu. Kisheria watu hao walikuwa watumwa wa hazina ya mfalme, hadhi ambayo iliwalinda na kila mtu isipokuwa mfalme mwenyewe. Walilima ngano na shayiri kwa ng'ombe waliopewa na serikali, walifua silaha, walitengeneza pinde na vyombo vya udongo, na walitunza chui waliofunzwa kuwinda kwa ajili ya kaisari.

Kwenye kilima cha magharibi, yapata mwaka 1233, Federico alijijengea jumba. Lilikuwa la mraba, kila upande karibu mita 50, lenye ua katikati ambao ghorofa za chini ulikuwa wa pembe nne na juu ukageuka kuwa wa pembe nane. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota huko vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi, na pia vipande vichache vya vyombo vya Kichina, vya aina ileile ya biashara iliyovileta vigae vya kijani tunavyoviokota Kilwa na Gedi. Leo limebaki tako lake tu, lililoinama kama piramidi iliyokatwa kichwa, ndani ya kuta za ngome iliyokuja kulizunguka baadaye.

Papa hakupendezwa. Mwaka 1232 Gregorio IX alilalamika kwamba Waislamu wa Lucera walikuwa wamebomoa kanisa karibu na Foggia na kuchukua mawe na mbao zake kwenda kujengea mjini kwao. Mwaka uliofuata alimtaka Federico awaruhusu watawa wa Kidominiko waende kuwahubiria, akitaja kwamba watu hao walikielewa Kiitaliano vizuri vya kutosha. Ushahidi huo mdogo una thamani kubwa kwangu kuliko malalamiko yenyewe. Unatuonyesha kwamba kufikia mwaka 1233 wenye kusema Kiarabu walikuwa tayari wanaelewana na majirani zao sokoni.

Si wote waliokuwa na madaraka Lucera waliotoka Sisilia. Msimamizi wa mji mwishoni mwa enzi ya Federico alikuwa Giovanni Moro, mtu mweusi, mtoto wa mama mtumwa wa jumba la kifalme, aliyepanda cheo hadi kuwa mmoja wa wakuu wa ikulu. Katika jumba la makumbusho la mji, lenye jina la Giuseppe Fiorelli, kipo kichwa cha jiwe cha karne ya 13 kinachoonyesha uso wa Mwafrika, kimechongwa na fundi ambaye bila shaka alikuwa na mtu halisi machoni pake. Hakuna jina lililoandikwa juu yake.

Giovanni Moro anatuingiza kwenye tukio ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza zaidi kuliko sheria zote jinsi mji huu ulivyojiona. Federico alifariki tarehe 13 Desemba 1250 katika ngome ya Castel Fiorentino, si mbali na Lucera. Mwaka 1254 mwanawe Manfredi alikuwa amebanwa na majeshi ya Papa, hana fedha wala jeshi, akaamua kwenda Lucera, ambako hazina ya baba yake iliwekwa. Giovanni Moro alikuwa amesafiri kwenda kufanya mapatano na Papa, na alikuwa amemwachia naibu wake funguo na amri kwamba asiingie mtu. Mwandishi wa historia wa zama hizo, aliyekuwa upande wa Manfredi, anasimulia kwamba mwana huyo wa kaisari alifika langoni na wapanda farasi wachache, akajitambulisha kwa walinzi. Walinzi walifurahi, lakini funguo hawakuwa nazo, na walijua naibu akipelekewa habari hatakubali. Wakamwonyesha mfereji wa maji machafu unaopita chini ya lango: ukiingia tu, walimwambia, mengine yatajipa. Manfredi akashuka kwenye farasi akainama ili atambae. Walipomwona mtoto wa Federico amepiga magoti kwenye maji ya mfereji wakaona aibu, wakalivunja lango, wakambeba juu kwa juu hadi ndani ya mji. Kwa fedha alizozikuta humo na kwa wapiga mishale wa humo, Manfredi aliurudisha ufalme mzima. Giovanni Moro aliuawa na Waislamu wenzake huko Acerenza, na kichwa chake kikatundikwa kwenye lango la Lucera.

Manfredi akawa mfalme mwaka 1258. Miaka mitatu baadaye Sultani Baybars wa Misri alimpelekea balozi, mwanachuoni Ibn Wasil, ambaye aliandika alichokiona: karibu na mahali alipofikia palikuwa na mji uitwao Lujara, watu wake wote ni Waislamu wa kutoka Sisilia, Ijumaa inaswaliwa humo na dini inafuatwa hadharani, na katika kambi ya mfalme mwenyewe adhana ilikuwa ikisikika. Kwa mgeni kutoka Kairo lilikuwa jambo la kushangaza na kupendeza. Kwa Papa lilikuwa hoja ya vita vya msalaba.

Jinsi walivyomalizwa

Papa alimwita Charles wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, aje auchukue ufalme. Manfredi akauawa vitani karibu na Benevento tarehe 26 Februari 1266. Lucera ikasalimu amri, kisha mwaka 1268 ikaasi ikimuunga mkono Corradino, mjukuu wa Federico aliyekuwa kijana wa miaka 16. Corradino alishindwa Tagliacozzo na kukatwa kichwa Napoli, lakini Lucera iliendelea kupigana peke yake hadi njaa ilipowalazimisha kufungua malango Agosti 1269.

Hapa ndipo simulizi la chuki ya dini linapokwama. Charles alikuwa amekuja kwa baraka za Papa, kwa jina la vita vya msalaba, na sasa mji wa Waislamu waasi ulikuwa mikononi mwake. Hakuufuta. Aliamuru kuta za mji zibomolewe, akawapandishia kodi, akaendelea kuwaandika jeshini. Walikuwa na faida kubwa mno. Badala ya kuwaondoa, aliwawekea mlinzi: kati ya 1269 na 1283, chini ya usimamizi wa fundi wake Pierre d'Angicourt, ilijengwa ngome inayolizunguka jumba la Federico, yenye ukuta wa karibu mita 900 na minara 24 ukihesabu ya kila umbo, pamoja na lile handaki tulilokutana nalo mwanzoni. Ndani yake alikusudia kuwaweka walowezi kutoka Provence, kusini mwa Ufaransa. Inaelezwa kwamba vijiji vya Faeto na Celle di San Vito, milimani juu ya Lucera, vilianzishwa na mabaki ya watu hao wa Charles. Hadi leo wazee wa huko husema lugha ya jamii ya Kifaransa cha kusini-mashariki, wakiwa wamezungukwa na Kiitaliano pande zote.

Kwa miaka mingine thelathini mji uliendelea hivyo. Kilichobadilika si imani ya mfalme, bali hesabu zake. Mwaka 1282 Wasisilia waliwaasi Waanjou, yaani ukoo wa Charles, na vita vilivyofuata vilidumu miaka 20 na kula fedha kama moto unavyokula nyasi kavu. Carlo II, mwana wa Charles, alirithi vita hivyo pamoja na madeni kwa mabenki ya Firenze. Alikuwa pia na mazoea: mwaka 1289 aliwafukuza Wayahudi wote kutoka katika milki zake za Anjou na Maine nchini Ufaransa, na raia Wakristo wakamlipa kodi maalumu kama fidia ya mapato aliyoyakosa kwa kuwafukuza. Yaani alikwisha kujifunza kwamba kuwaondoa watu wa dini nyingine kunaweza kuwa tendo la ucha Mungu na la faida kwa wakati mmoja.

Agosti 1300, mwaka ambao Papa Bonifacio VIII alikuwa ametangaza Jubilei, mwaka wa msamaha wa dhambi, na mahujaji walikuwa wakimiminika Roma, Carlo II alimtuma Giovanni Pipino wa Barletta kwenda Lucera. Pipino hakuwa jemadari kwa asili. Alikuwa ofisa wa hesabu katika hazina, na uteuzi huo unasema mengi. Mji ulizingirwa na kutekwa kwa ghafla. Waliopigana waliuawa. Waliobaki, wanaume, wanawake na watoto, waliswagwa kwenda kuuzwa Napoli na katika miji mingine ya ufalme, na kwa kuwa walikuwa watumwa wa hazina, bei yao ilikwenda hazina. Ngano, mifugo, nyumba na vyombo vyao viliorodheshwa. Ile hadhi ya kisheria iliyowalinda tangu siku za Federico ndiyo iliyomwezesha mfalme kuwauza bila kumwibia mtu yeyote mali yake, kwa mujibu wa sheria za wakati huo. Wachache waliponea chupuchupu kwa kukimbia au kubatizwa, ingawa ubatizo haukuwa kinga kwa wote.

Haitoshi, hata hivyo, kusema ilikuwa fedha tu. Mfalme alisema alifanya kwa ajili ya Kristo, na sioni sababu ya kudhani alikuwa akidanganya. Mtu anaweza kuamini kabisa jambo ambalo linamlipa. Ila kama imani peke yake ingetosha, mji ungefutwa mwaka 1269, wakati ulipokuwa umeasi na hasira zilikuwa mbichi. Mwaka 1300 watu wa Lucera hawakuwa wameasi.

Mawe yanayohama

Carlo II akaupa mji jina jipya, Mji wa Maria Mtakatifu, akawaita walowezi Wakristo kwa kuwapunguzia kodi. Jina halikushika, watu wakarudia kusema Lucera. Kilichoshika ni kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mara baada ya kutekwa kwa mji, mahali ambapo inaaminika ulisimama msikiti mkuu, na likawekwa wakfu mwaka 1302 kwa heshima ya Kupalizwa kwa Bikira Maria. Ni mojawapo ya majengo ya Kigothi ya Waanjou ambayo hayakuchezewa sana na karne zilizofuata. Uso wake ni mtupu, wa matofali, na milango ya mawe iliyochongoka juu. Upande mmoja kuna mnara wa kengele. Ndani ni refu, la juu, lenye mwanga mchache na mapambo machache, na nyuma ya altare kuta zinakunjana kwa pembe badala ya kuzunguka.

Atakayeingia asiishie kutazama juu. Kuna nguzo za jiwe la kijani ambazo mapokeo ya mji yanasema zilichukuliwa kutoka msikitini, na kwa hakika si aina ya jiwe inayochimbwa Puglia, kwa hiyo kabla ya msikiti huenda zilikuwa za jengo la Kirumi. Bamba la altare kuu nalo lina mapokeo yake: husemwa kwamba lilikuwa meza ya Federico II huko Castel Fiorentino, ngome aliyofia. Basi padri huadhimishia misa kwenye meza ya chakula ya kaisari aliyekufa akiwa ametengwa na Kanisa. Kila mwaka katikati ya Agosti mji husherehekea sikukuu ya msimamizi wake Santa Maria, kwa maandamano na mavazi ya kale. Ni mwezi uleule Lujara ilipomalizwa.

Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la San Francesco, la miaka ileile ya mwanzo wa karne ya 14, ambako alihudumu mtawa Francesco Antonio Fasani, mwenyeji wa Lucera aliyezaliwa 1681 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1986. Wenyeji wengi huja kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya usanifu.

Jumba la Federico lilikuwa na bahati mbaya. Tetemeko la ardhi la mwaka 1456 lililidhoofisha, likaachwa, na katika karne ya 18 mawe yake yalikuwa yakichukuliwa kwa ujenzi mjini, likiwemo jengo la mahakama. Mchoraji Mfaransa Jean-Louis Desprez alilichora mwaka 1778, na mchoro wake ndio karibu kila kitu tunachojua kuhusu jinsi ghorofa zake zilivyokuwa.

Mahakama hiyo haikujengwa bure. Lucera ilikuwa makao makuu ya eneo la Capitanata kwa karne nyingi, na hata ofisi ya forodha ya kondoo, iliyotoza makundi yaliyoshuka kutoka milima ya Abruzzo kila majira ya baridi, ilianzia hapo kabla ya kuhamishiwa Foggia mwaka 1468. Mwaka 1806 utawala wa Wafaransa ukayahamishia Foggia makao makuu yenyewe, ukaiachia Lucera mahakama kama kifuta machozi, na kwa miaka 200 mji huu wa watu wapatao 30,000 uliishi kwa mawakili, makarani na watu wenye kesi waliohitaji pa kula na pa kulala. Mwaka 2013 serikali ya Roma ilipunguza idadi ya mahakama nchini. Mahakama ya Lucera ilifungwa, na majalada yake yakapakiwa kwenye magari na kuteremshwa Foggia, kilomita 18 uwandani.